Usaili wa Sekretarieti ya Ajira au wa kampuni kubwa: uanze na mlango upi?

Mhitimu anayetaka kuajiriwa Tanzania anakuta milango miwili mipana. Mmoja ni wa serikali, unaopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na ile Ajira Portal ambayo karibu kila mwenye cheti mtaani ana akaunti yake. Wa pili ni wa kampuni kubwa: benki, mitandao ya simu, viwanda vya bia na saruji, kampuni za ukaguzi wa hesabu zenye majina ya kimataifa. Watu huchagua kwa kuangalia mshahara na usalama wa kazi, na wana haki. Ila kabla ya mshahara kuna usaili, na saili hizi mbili zinapima vitu tofauti, zinakula fedha kwa namna tofauti, na ukishindwa zinakuacha katika hali tofauti kabisa. Nimekaa na wasailiwa wengi wa pande zote mbili, nikiwasaidia kujiandaa na kuwasikiliza wanaporudi. Naandika kwa ajili ya yule ambaye nauli yake ni ya kukopa, asiyeweza kuhangaika kote kwa nguvu ileile.

Msimamo wangu niutoe mapema. Kama umehitimu ndani ya miaka miwili iliyopita, anza na kampuni. Programu zao za wahitimu huwa zinamtaka aliyemaliza chuo karibuni. Wengine hutaja miaka miwili au mitatu tangu kuhitimu, wengine huweka kikomo cha umri kilicho chini ya miaka 30. Serikalini, matangazo mengi yanampokea mwombaji hadi miaka 45. Anayekaa miaka mitatu akisubiri tangazo la kada yake, yaani aina ya kazi aliyosomea, huja kugundua kwamba mlango wa kampuni ulishafungwa zamani na hakuna aliyempigia simu kumwambia. Na kama umri wa programu za wahitimu umeshakupita, mengi ya hapa chini yatakuelekeza serikalini, kwa sababu huko miaka yako haihesabiwi dhidi yako.

Kuitwa kwenyewe

Upande wa serikali, kinachoangusha watu mapema ni karatasi. Mfumo unataka namba ya NIDA, vyeti vyote, wasifu, majina ya wadhamini na barua ya maombi iliyosainiwa, iliyoelekezwa kwa aliyetajwa kwenye tangazo. Hati za matokeo za muda hazipokelewi mahali pa cheti. Jina likisomeka hivi kwenye cheti cha kidato cha nne na vile kwenye cheti cha chuo, utahitaji hati ya kisheria inayothibitisha kwamba ni mtu mmoja, na hiyo si kitu cha kuanza kutafuta usiku wa kuamkia usaili. Kada zenye bodi za taaluma zinataka cheti cha usajili na leseni. Aliyesoma nje anahitaji vyeti vyake viwe vimehakikiwa na TCU (vya vyuo vikuu), NACTVET (vya vyuo vya kati) au NECTA (vya shule), kutegemea ngazi.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba vigezo vimeandikwa. Ukivitimiza unaitwa, hata kama mmetimiza maelfu. Ndiyo maana umati huwa mkubwa kiasi kile. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 ikapokea maombi zaidi ya 135,000, takribani watu 85 kwa kila nafasi. Walimu, ambao zamani walipangiwa vituo bila kufanyiwa usaili, nao sasa wanafanya mtihani. Anayeangalia picha za foleni hizo huona fedheha tu. Mimi naona pia kwamba mtoto wa mkulima wa Kibondo asiyemjua mtu yeyote mjini amepewa karatasi ileile ya maswali na mtoto wa mkurugenzi.

Kampuni inapunguza watu kabla hawajaonekana. Wasifu wako husomwa haraka, mara nyingi programu ya kompyuta ikiwa imeshauchuja kwa kutafuta maneno yaliyo kwenye tangazo. Ukipenya, unatumiwa kiungo cha mtihani wa mtandaoni: jedwali la mauzo na swali la asilimia, aya ndefu na kauli ya kusema ni kweli au si kweli, safu ya michoro na kuulizwa upi unafuata. Muda ni kama dakika moja kwa swali, pengine pungufu. Hesabu zenyewe ni za sekondari. Kinachoua ni saa. Nimeona wahitimu wa uhandisi wenye GPA ya juu wakiangushwa na mtihani ambao wangeumaliza wakicheka wangepewa saa nzima. Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi yapo bure mtandaoni. Fanya kila siku kwa wiki tatu na utaona tofauti.

Halafu kuna suala la kujuana, ambalo watu hulisemea pembeni. Serikalini, kwenye mchujo, yaani mtihani wa kwanza wa kupunguza watu, unatumia namba badala ya jina, na matokeo hutoka kwa namba. Kwenye kampuni, kufahamiana ni sehemu halali ya utaratibu: mfanyakazi anaruhusiwa kumpendekeza mtu, na kampuni nyingine humpa zawadi aliyependekeza mtu akaajiriwa. Haimaanishi kwamba utapita bila sifa. Inamaanisha kwamba wasifu wako utasomwa na binadamu. Kwa hiyo kama una kaka uliyefanya naye fildi kwenye benki fulani, mwandikie na umwombe bila aibu. Anayeona haya kuomba huko anadhani anafuata haki, kumbe amekataa kutumia njia ambayo mwenye kampuni mwenyewe ameiweka.

Siku yenyewe

Ukumbi wa chuo Dodoma, saa moja asubuhi. Foleni ya uhakiki imeshazunguka jengo. Kila mtu ameshika bahasha ya kaki au faili la plastiki lenye vyeti halisi, na kidole kimekaa juu ya kitambulisho ili asihangaike akifika mezani. Namba ya mtihani unatakiwa uwe umeinakili kutoka kwenye akaunti yako. Tangazo limesema kwamba haitatolewa siku hiyo, na bado yupo kijana ameinua simu juu akitafuta mtandao huku foleni ikimsukuma. Chini ya mti kuna mama ananyonyesha, na mdogo wake amekaa pembeni akisubiri kumpokea mtoto jina litakapoitwa. Wengine wanasalimiana kama watu wa darasa moja, kwa sababu walishakutana kwenye usaili mwingine. Wanapeana maswali ya mwaka jana. Wanakula mihogo. Kuna ukarimu katika foleni zile ambao sijauona kwenye usaili wa kampuni, na aliyefika usiku na basi la Kigoma bila kulala huwa anapata wa kumshikia nafasi anawe uso.

Kwa kada kadhaa siku hizi mchujo hufanyika kwa kompyuta, kwenye vituo vya mikoani, na hilo limepunguza safari. Lakini kiini ni kilekile: mtihani wa kada yako, ukivuka unaitwa mahojiano, na kada kama za udereva au uandishi wa mifumo ya kompyuta hupitia usaili wa vitendo katikati. Kwenye mahojiano utakuta jopo nyuma ya meza, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Unasalimia kwa heshima, unasubiri kuambiwa uketi. Wanaulizwa wote wa kada hiyo maswali yaleyale, kwa hiyo usitegemee mazungumzo. Wajumbe wengi hawatabasamu wala kutikisa kichwa. Wasailiwa wanatoka wakisema "wale wamenichukia", na wiki inayofuata wanakuta wamefaulu. Uso mkavu wa jopo ni namna ya kutompendelea mtu. Usiruhusu ukutoe kwenye jibu.

Kwenye kampuni, msaili wa kwanza anaweza asiwe mtu kabisa. Unafungua kiungo, kamera inawaka, swali linatokea kwenye skrini, unapewa nusu dakika ya kufikiri na dakika mbili za kujibu, kisha linakuja jingine. Hakuna anayekuitikia. Binti mmoja niliyemsaidia alifanyia usaili wa aina hiyo chumbani kwa shangazi yake Tabata. Alikuwa amepanga laptopu juu ya vitabu ili kamera ilingane na macho, akafunga dirisha kwa ajili ya jogoo wa jirani, akabandika karatasi ndogo ukutani nyuma ya kamera iliyoandikwa mambo matatu aliyofanya fildi. Alijibu maswali yote akiangalia ile karatasi, yaani akiangalia kamera. Mambo madogo, lakini ndiyo yaliyomfanya aonekane mtulivu. Ambaye hana mahali patulivu aombe ofisi ya mtu siku ya Jumamosi, au maktaba ya chuo alichosoma.

Ukivuka hapo kuna siku ya tathmini. Mnakaa sita kuzunguka meza, mnapewa kisa cha biashara inayopoteza wateja, mna nusu saa ya kukubaliana, na wasaili wamekaa kwenye kona wakiandika. Wengi hudhani anayeongea zaidi ndiye anayeshinda. Wanaoandika kule pembeni wanatafuta pia aliyemkaribisha mwenzake aliyenyamaza, aliyeangalia saa, aliyerudisha kundi kwenye swali. Mwishoni kuna mahojiano na meneja ambaye anaweza kukwambia umwite kwa jina lake la kwanza. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo hapo hupata taabu kweli. Ushauri wangu: salimia kama ulivyofundishwa nyumbani, kisha mfuate anavyotaka. Hakuna aliyewahi kukosa kazi kwa kuwa na adabu, lakini wapo waliokosa kwa sababu adabu iliwafanya wasitoe maoni yao walipoulizwa.

Unachojua na ulichofanya

Tofauti inayonifanya niwapeleke watu upande mmoja au mwingine ni hii. Serikali inapima unachojua. Kampuni inapima ulichofanya.

Afisa utumishi anayeomba serikalini ataulizwa Sheria ya Utumishi wa Umma, kanuni zake, hatua za nidhamu, aina za likizo, mfumo wa kupima utendaji. Hapa angalia: wapo wanaosoma madokezo ya zamani yanayosema OPRAS, mfumo wa awali wa kupima utendaji, wakati serikali imeshahamia mfumo wa PEPMIS. Mhasibu ataulizwa viwango vya uhasibu na sheria za fedha za umma. Kwa hiyo aliyekuwa mzuri darasani, mwenye kumbukumbu na uvumilivu wa kukaa na kitabu, yuko nyumbani. Aliyeiacha taaluma yake miaka minne akiuza nguo Kariakoo anaweza kurudi kusoma miezi miwili na akaipasua mitihani ile. Wapo ninaowafahamu.

Kampuni itamuuliza mhasibu huyohuyo: "Nipe mfano wa wakati ulipotofautiana na mwenzako kwenye kazi, na ulifanya nini." Jibu ninalolisikia mara nyingi mazoezini ni, "Mimi huwa sigombani na watu." Ni jibu la mtu aliyelelewa vizuri, na halina kitu cha kuandikiwa alama. Msaili anataka hali ilivyokuwa, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini wewe mwenyewe, na kilitokea nini. Mmoja alinipa jibu hili baada ya kusukumwa kidogo: alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanafunzi, katibu akadai fedha zimepungua, wakaketi wawili na kupitia risiti moja moja hadi wakakuta shilingi 84,000 zimeandikwa mara mbili. Baada ya hapo wakaanza kusaini daftari wote wawili. Hilo ni jibu. Alikuwa nalo siku zote na hakuwa anajua kwamba lina thamani.

Mtindo huu wa maswali umetoka kwa kampuni kubwa za nje na umeshika mizizi hapa. Amazon hupanga usaili wake juu ya kanuni zake za uongozi, ambazo mwaka 2021 ziliongezwa mbili zikafika 16, na humweka msaili mmoja kutoka nje ya timu inayoajiri, aliyefunzwa kwa kazi hiyo, ili haraka ya kujaza nafasi isishushe kiwango. Google nayo ilikuwa maarufu kwa mafumbo ya kichwa, hadi mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wake, akasema hadharani kwamba yalikuwa kupoteza muda na hayakutabiri lolote. Kwa waandishi wa programu wa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali, kwa kuwa Microsoft ilifungua kituo chake cha maendeleo Nairobi mwaka 2019 na Google ikatangaza cha kwake mwaka 2022. Huko usaili una sehemu ya kuandika msimbo ukiwa unaelezea unavyofikiri kwa sauti, na asiyezoea kufikiri kwa sauti anaonekana hajui. Hiyo ni makala nyingine.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli. Kama miaka yako ya chuo ilikuwa darasa, chumba na maktaba, serikali itakuona vizuri kuliko kampuni. Kama ulikuwa kiongozi wa kitu, uliuza kitu, uliandaa kitu, ulifanya fildi na ukaachiwa kazi halisi, kampuni itakuona. Kama hauna cha kusimulia na kampuni ndiyo unayoitaka, tafuta pa kujitolea miezi sita mahali ambapo utapewa jukumu lenye jina lako. Kukaa tu ofisini na kupiga fotokopi hakutakupa jibu hata moja.

Baada ya usaili: jibu au kimya

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, na ndipo serikali inaposhinda waziwazi.

Matokeo ya mchujo wa serikali hubandikwa. Unafungua PDF, unaitafuta namba yako, unaona alama zako na kama umechaguliwa kuendelea. Ukiwa na 47 unajua ni 47. Ukipita mahojiano na nafasi zikawa chache kuliko waliofaulu, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada hiyo ikipatikana ukapangiwa bila kufanya usaili upya. Nawajua watu waliokata tamaa kabisa kisha wakakuta jina lao kwenye tangazo la kuitwa kazini miezi mingi baadaye. Si mfumo mwepesi. Kungoja kunachosha, na wengine wanangoja hadi wanasahau. Lakini unajua ulipo.

Kampuni kubwa, pamoja na mitambo yote na idara nzima ya rasilimali watu, mara nyingi hazisemi kitu. Mtu amepita mtihani wa mtandaoni, video, siku ya tathmini, mahojiano ya mwisho na mkurugenzi aliyempa mkono na kusema "tutawasiliana", kisha kimya. Mwezi. Miezi miwili. Anaogopa kupiga simu asije akaonekana msumbufu. Anakataa kibarua cha muda kwa kuwa huenda wakaita wiki hii. Mama nyumbani anauliza kila Jumapili kama wamejibu, na yeye anatafuta namna ya kusema bado bila kumvunja moyo. Mzigo huu unabebwa na familia nzima, na ungeweza kuondolewa na barua pepe ya mistari miwili. Kampuni inayoweza kutuma ujumbe wa matangazo kwa wateja mamilioni inaweza kuwajibu watu 20 iliowakalisha mezani kwake. Nalisema hili kwa yeyote mwenye sauti ndani ya ofisi hizo: wajibuni watu.

Wapo wanaofanya vizuri, lazima niseme. Wapo wanaopiga simu wenyewe na kueleza ulikoteleza, na maelezo hayo ni ya thamani kuliko semina yoyote ya kujiandaa na usaili. Huwezi kujua utaangukia kwa nani. Kwa hiyo kabla hujatoka kwenye chumba cha mahojiano uliza swali moja: "Naomba kujua, nitegemee majibu lini?" Watakupa tarehe. Ikipita kwa wiki moja, andika barua pepe fupi ya heshima. Ikipita tena wiki mbili, ifute kichwani na uendelee. Usikae na simu mkononi.

Fedha na nauli

Kwenye tangazo la kuitwa usaili serikalini huwa kuna sentensi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Isome kwa uzito wake. Makao ya Sekretarieti ni Dodoma, na anayetoka Dar es Salaam sasa ana treni ya SGR: daraja la kawaida shilingi 31,000, kwenda na kurudi 62,000, na unaweza kulala kwako siku hiyohiyo ukifanikiwa kwenye ratiba. Anayetoka Bukoba au Mtwara hana bahati hiyo. Ukivuka mchujo, mahojiano hufuata baada ya siku chache, na lazima uamue kama urudi nyumbani au ukae. Watu hulala wanne chumba kimoja cha gesti, au kwa ndugu wa mbali ambaye hawajamwona tangu msiba. Hesabu kabla ya kuondoka, na hesabu kana kwamba utapita hatua zote.

Usaili wa kampuni unakula bando, umeme na shati la kupiga pasi. Hatua za mwanzo zote zinakuja ulipo. Safari inakuja mwishoni, wakati mmebaki wachache, na kampuni nyingine hulipia. Kwa mwenye mfuko mtupu hii ni tofauti kubwa, na ni sababu nyingine ya kujaribu huku kwanza. Yeyote anayejiita wa kampuni na kukutaka utume fedha ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kuandaa mkataba" ni tapeli. Kata mawasiliano.

Maswali ambayo hayakupaswa kuulizwa

Wanawake wananisimulia hili kutoka kwenye vyumba vidogo vya mahojiano vya kampuni kuliko kutoka kwenye majopo ya serikali, na nadhani sababu ni ile ya maswali kuwa yaleyale kwa wote. Umeolewa? Unatarajia kupata mtoto lini? Mume atakuruhusu kusafiri? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kwa suala hilo inamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi. Sheria iko upande wako, ingawa najua aliyekaa kwenye kiti kile anahitaji kazi kuliko kesi. Jibu linalofanya kazi ni kujibu hofu iliyo nyuma ya swali: "Nafasi hii ina safari za mikoani, na ninaweza kusafiri. Mwaka jana nilikuwa fildi Sumbawanga kwa wiki nane." Kisha unanyamaza. Ukiona wanasisitiza, umeshajua kitu kuhusu ofisi hiyo kabla ya kusaini chochote, na mwingine ataamua kuondoka, na sitamlaumu.

Ukiitwa kote kwa wakati mmoja

Hutokea. Tarehe ya serikali haisogei kwa ajili ya mtu mmoja. Ya kampuni husogea ukiwaandikia mapema, siku mbili tatu kabla, ukisema tu kwamba una jambo lililopangwa tayari na ukipendekeza tarehe nyingine mbili. Sijaona aliyekataliwa kwa barua ya namna hiyo. Nimeona waliokataliwa kwa kutotokea.

Kampuni ikikupa kazi wakati wewe uko kwenye kanzidata ya serikali, ichukue. Utakuwa unakula, unajifunza, na unakusanya mifano ya kusimulia. Jua tu kwamba miezi 6 ya mwanzo ulinzi wako wa kisheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali ni mdogo, wakati serikalini ungekuwa na miezi 12 ya matazamio kabla ya kuthibitishwa. Na jina lako likitoka kwenye tangazo la kuitwa kazini, usiache kazi kwa msisimko wa jioni ile. Chukua kwanza barua ya kupangiwa kituo, soma tarehe ya kuripoti, kisha fungua mkataba wako kwenye ukurasa wa notisi: kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka siku zisizopungua 28 baada ya mwezi wa kwanza kupita. Tarehe hizo mbili zikigongana, mwandikie mwajiri wako siku hiyohiyo, ukiomba kuondoka mapema au kulipa sehemu ya notisi iliyobaki.